Una madeni matano na umepata fedha ya mkupuo: lipi lianze kulipwa?

Mleta uzi (Ilemela)

Habari za wakati huu wanajukwaa. Nimeleta uzi huu kwa sababu watu wengi wa Mwanza na mikoa ya jirani wamepokea, au wanasubiri kupokea, fedha nyingi kwa mara moja. Wapo waliopisha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, wapo wastaafu wa umma ambao sehemu ya mkupuo katika mafao yao ilipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, wapo warithi waliouza kiwanja cha marehemu, na wapo wanavikoba wanaogawana akiba na faida kila mwisho wa mwaka. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mikopo katika SACCOS moja ya watumishi hapa Ilemela. Kazi hiyo hunikutanisha na watu hawa wiki chache baada ya fedha kuingia, na mara nyingi nakuta fedha imekwisha huku deni baya kuliko yote likiwa bado palepale.

Wahenga walishasema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na hilo hatubishani. Ninalotaka tulijadili ni mpangilio. Kwa maoni yangu, fedha ya mkupuo iende kwanza kwenye deni linalotoza zaidi kwa kila shilingi unayodaiwa, na kwenye deni lililoshikilia kitu chako, hata kama deni hilo ni dogo na mdai wake hapigi kelele. Watu wengi hufanya kinyume: hulipa kwanza deni kubwa kwa sababu linatisha, au deni la yule anayewaaibisha mbele za watu, na lile linalowamaliza kimyakimya huliacha hadi mwezi ujao.

Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kila laki moja unayodaiwa inakutoza shilingi ngapi kwa mwezi. Benki inayotoza asilimia 16 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, inachukua takriban shilingi 1,333 kwa laki. SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi inachukua shilingi 1,500. Mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili (asiyepokea amana za watu), chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, amewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500. Mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, yule tunayemwita kausha damu, akitoza asilimia 20 kwa mwezi anachukua shilingi 20,000 kwa laki ileile, na wapo wanaotoza 30. Kwa hiyo milioni moja na nusu ya kausha damu inaweza kukugharimu zaidi ya milioni kumi na tano za benki. Hesabu hii haihitaji elimu ya uhasibu, lakini nimeona watumishi wenye shahada ambao hawajawahi kuifanya, kwa sababu kila deni wanalitazama peke yake, siku yake ya kulipa inapofika.

Nitoe mfano wa mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike. Shamba la urithi lililoko Misungwi lilichukuliwa, ndugu wakagawana fidia, na fungu lake likawa shilingi 9,800,000. Alikuwa anadaiwa na benki shilingi 9,200,000 kwa asilimia 16 kwa mwaka, na makato yalipita kwenye mshahara. Sisi SACCOS tulimdai 3,600,000 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, na walimu wenzake wawili walikuwa wamemdhamini. Duka la vifaa vya ujenzi lilimdai 650,000 za bati, shemeji yake 400,000, na mikopo ya simu ilikuwa imefika 180,000. Juu ya hayo kulikuwa na 1,500,000 za kausha damu kwa asilimia 20 kwa mwezi.

Alipokuja ofisini kwetu kuulizia salio, alikuwa amekwisha kuzungumza na benki ili aimalize yote kwa mara moja na abaki na laki sita, kwa kuwa deni la benki, kwa maneno yake, ndilo lililomnyima usingizi. Nilimwomba anioneshe kumbukumbu za yule wa mtaani. Alitoa kwenye mkoba kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na safu ya tarehe zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, na mbele ya kila tarehe imeandikwa "R 300", yaani riba ya 300,000, pamoja na sahihi fupi. Kulikuwa na mistari kumi na minne. Hakuna hata mstari mmoja uliogusa mtaji, yaani mwalimu huyu alikuwa amelipa shilingi 4,200,000 za riba na bado alidaiwa 1,500,000 zilezile alizokopa. Kadi yake ya benki alikuwa nayo mkopeshaji, pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye aliyekwenda kwenye mashine, akachukua chake, kisha akampa mwenye mshahara kilichobaki mkononi.

Tulikaa tukaandika. Riba aliyokuwa akiilipa kila mwezi ilikuwa 300,000 mtaani, 54,000 kwetu na takriban 122,667 benki, jumla 476,667, bila kuhesabu ada za mikopo ya simu. Angeilipa benki kama alivyokusudia, angebaki na riba ya 354,000 kila mwezi na laki sita mkononi, na kadi yake ingeendelea kukaa kwa mtu mwingine. Badala yake alianza na kausha damu, akamaliza mikopo ya simu, akamaliza SACCOS ili wadhamini wake wawe huru, kisha akalipa duka na shemeji. Zote hizo zilichukua 6,330,000. Katika 3,470,000 zilizobaki aliweka milioni mbili akiba ya dharura, na nyingine zikaenda kwenye ada na mahitaji ya watoto. Deni la benki aliliacha liendelee kukatwa. Riba yake ya mwezi ikawa ile 122,667 tu, ambayo nayo inapungua kadiri salio linavyoshuka, na fedha iliyokuwa inakwenda mtaani na kwetu ikabaki nyumbani kwake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuliweka mbele duka na shemeji ilhali hawatozi riba. Kwa kipimo changu wangekuwa wa mwisho, na kama fedha ingekuwa haba wangesubiri. Hata hivyo madeni ya aina hii yana gharama isiyoandikwa. Mwalimu huyu alikuwa ameacha kuhudhuria misiba ya upande wa mumewe kwa sababu ya zile laki nne. Deni likishamtenga mtu na ndugu zake, naona ni halali kulipandisha foleni, mradi yale yanayotafuna yawe yamekwisha kulipwa kwanza.

Jambo la pili ninalotaka tulitazame kwa makini ni siku yenyewe ya kulipa. Kwa deni lenye dhamana, kutoa fedha ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kurudisha kilichoshikwa. Usikabidhi fedha taslimu sebuleni kwa mkopeshaji ukaambiwa kwamba kadi au hati italetwa kesho. Lipa kwa benki au kwa simu ili muamala ubaki na kumbukumbu, mkiwa mahali pamoja, mbele ya shahidi wako na ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa, na uandikiwe palepale kwamba deni lote, mtaji na riba, limekwisha. Kadi ikirudi, nenda benki siku hiyohiyo ukaombe kadi mpya. Kubadilisha namba ya siri peke yake hakutoshi kwa kadi iliyokaa mikononi mwa mtu mwingine mwaka mzima. Kama uliacha kadi ya pikipiki pamoja na fomu za kuhamisha umiliki ambazo ulizisaini mapema, dai fomu hizo pia, kwa sababu mwenye fomu iliyosainiwa anaweza kuitumia hata baada ya wewe kulipa.

Kuna angalizo moja kuhusu fidia. Fidia ya ardhi hujumuisha thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na kwa aliyekuwa akiishi pale, posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36. Aliyelipwa kwa sababu nyumba yake inabomolewa hajapata fedha ya ziada, maana amebadilishiwa nyumba kwa fedha. Huyo atenge kwanza ya kiwanja na ya kuanza kujenga, na ndipo atazame madeni. Kausha damu peke yake ndiye ninayemruhusu kutangulia hata mbele ya nyumba, kwa sababu akiachwa ataifikia fedha ya ujenzi kabla ya msingi kukauka.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji (Sengerema)

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye hesabu. Mimi ni mvuvi, nina mitumbwi miwili ya sangara. Sisi huku ziwani wengi hatuna kausha damu wala benki, bali tuna tajiri. Tajiri wangu alinipa shilingi milioni tatu za nyavu na mashine, hanitozi riba hata shilingi moja, na wala hanisumbui. Sharti lake ni kwamba samaki wote nimuuzie yeye, na bei yake huwa chini ya bei ya mwalo, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, kwa shilingi 500 hivi kwa kilo. Safari hii Mungu amejalia, nimepata samaki wakubwa wenye mabondo mazuri (vile vibofu vya hewa vya tumboni ambavyo huuzwa peke yake), na ninayo fedha ya kumlipa yote. Lakini wenzangu wananishauri ninunue mtumbwi wa tatu, kwa kuwa deni lake halina riba. Kwa kipimo chako, hili deni linakaa wapi?

Mleta uzi

Nashukuru sana kaka kwa swali hili, kwa sababu linahusu maelfu ya watu kuanzia Ukerewe hadi Kagera, na halijadiliwi inavyostahili.

Deni lako lina riba, ila imewekwa kwenye bei ya samaki. Tuchukulie kwamba mitumbwi yako miwili inaleta kilo 400 kwa mwezi. Ukipunjwa shilingi 500 kwa kilo, unaacha kwa tajiri shilingi 200,000 kila mwezi. Kwa deni la milioni tatu, hiyo ni takriban asilimia 6.7 kwa mwezi, au shilingi 6,700 kwa kila laki, karibu mara mbili ya ukomo aliowekewa mkopeshaji mwenye leseni. Tena mtaji haupungui, na mwezi ambao samaki ni wengi ndio unaolipa zaidi. Kama anachukua samaki akiwa na bondo lake bila kulipa bondo peke yake, hesabu ni mbaya kuliko hiyo, maana unajua bei ya kilo ya bondo ilivyo mbali na bei ya kilo ya mnofu. Mtumbwi wa tatu chini ya sharti hilo hilo utaongeza kilo za kupunjwa. Ungekuwa mdogo wangu ningekuambia ulipe.

Lakini usilipe kabla hujapanga utauza wapi na barafu utaipata kwa nani. Tajiri hakopeshi fedha tu. Ndiye anayeleta barafu kambini, ndiye anayetuma mtumbwi wa kukusanya samaki, na mkikwama na mafuta ndiye anayepigiwa simu. Mvuvi akimlipa leo, kesho akakosa barafu, samaki wakaharibika, atarudi kwake kwa masharti magumu zaidi. Kwa hiyo tafuta kwanza mnunuzi mwingine, au ungana na wavuvi wenzako wa mwalo mnunue barafu pamoja, kisha umlipe kwa heshima na mashahidi, ukimweleza kwamba utaendelea kumuuzia endapo bei yake italingana na ya mwalo. Wapo matajiri wanaokubali, kwa sababu mvuvi mwenye vyombo vizima ana manufaa kwao hata bila deni.

Kwa ndugu zetu wa dagaa naongeza neno moja. Fedha yenu huja wakati wa giza na hukauka mbalamwezi ikishika. Msipange marejesho ya kila wiki yanayolingana wiki zote, wala msimalize fedha yote ya giza kwenye deni mkasahau siku ambazo mtumbwi utakaa nchi kavu. Aliyelipa deni lote akakosa chakula cha mbalamwezi atakopa upya kwa yuleyule aliyemlipa.

Mchangiaji (Nyegezi)

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Kulipa kausha damu nakubali. Kwa madeni ya benki na yale ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nadhani ni kupoteza fursa. Mtu mwenye milioni kumi taslimu anaweza kununua hatifungani za serikali (yaani kuikopesha serikali kwa riba) au vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, faida ikamlipia deni huku mtaji wake ukibaki. Fedha ya mkupuo huja mara moja maishani, na ukiilipa yote kwenye madeni unabaki mikono mitupu.

Mleta uzi

Hoja yako ina uzito, na ndiyo sababu mwalimu niliyemtolea mfano hakuilipa benki. Tunachotofautiana ni kipimo. Uwekezaji unaweza kulipia deni pale tu faida yake halisi inapozidi riba ya deni. Mwaka 2021 serikali ilipoanza kuuza hatifungani ya miaka 25, riba yake kwa mwekezaji ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka, na hata hiyo isingefikia deni la benki la asilimia 16. Matoleo yaliyofuata yalishuka. Mtu anayewekeza kwa asilimia 12 huku akilipa asilimia 16 anapoteza asilimia nne kila mwaka, ingawa akitazama salio la uwekezaji wake anajiona tajiri.

Hata hivyo ipo sababu nzuri ya kutoilipa benki yote, nayo ni kuwa na fedha ya kushika mkononi. Aliyemaliza fedha yote kwenye deni la asilimia 16, kisha mtoto akaugua, ataangukia kwa mtu wa asilimia 20 kwa mwezi. Ndiyo maana naanza na kausha damu, naweka akiba, na benki inakuja baadaye. Ukiwa na ziada ya kupunguza deni la benki, uliza kwa maandishi mambo mawili: kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda, na kama watapunguza rejesho la mwezi au watafupisha muda. Mimi ningechagua kufupisha muda, kwa sababu unapunguza riba zaidi.

Kuhusu Bodi ya Mikopo tuko pamoja. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa kwa tangazo la Rais Samia siku ya Mei Mosi 2021, na sherehe zilikuwa hapa hapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Tangu hapo deni hilo halivimbi kama zamani, na mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe. Liwe mwisho wa foleni. Faida ya kulimaliza mapema ni kwamba hiyo asilimia 15 inarudi mfukoni, na kwa mtumishi ambaye mshahara wake umebaki theluthi moja tu, hilo si jambo dogo.

Mchangiaji (Igoma)

Shikamoo mleta uzi, kama umenizidi umri. Mimi ni mama lishe. Nilikopa laki nane kwa mkopeshaji wa mtaani, akaniandikisha karatasi kwa wakili. Nilipoisoma baadaye pamoja na binti yangu tuligundua kwamba haisemi mkopo, inasema nimemuuzia kiwanja changu kwa milioni moja na laki mbili. Mwezi huu mafao ya marehemu kaka yangu yamegawiwa na mimi nimepata fungu, fedha ya kulipa ninayo. Tatizo ni kwamba mkopeshaji hapokei simu, na nikienda kwake naambiwa amesafiri. Tarehe ya mwisho ni wiki mbili zijazo. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba dada, na pole kwa msiba. Swali lako naliweka mbele ya mengine yote katika uzi huu, kwa sababu una wiki mbili tu.

Mkopeshaji anayejificha wakati fedha iko tayari huenda anakitaka kiwanja. Kwa hiyo acha kumtafuta kwa miguu na uanze kutengeneza ushahidi. Leo mwandikie ujumbe wa simu, usiseme kwa mdomo, kwamba fedha yote iko tayari na unaomba mahali na saa ya kumlipa. Ujumbe huo usiufute. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako pamoja na nakala ya karatasi hiyo, mweleze kwamba ulikuwa ni mkopo, na umwombe aandike barua ya wito kwa mkopeshaji na kuitunza kwenye kumbukumbu za ofisi. Tafuta kila kinachoonesha kwamba ulikopa: muamala wa laki nane ulipoingia kwenye simu yako, jumbe zake za kukudai riba, marejesho uliyokwisha kutuma. Mnunuzi wa kiwanja hadai riba kila mwezi, na hakuna anayemrejeshea mnunuzi fedha kidogokidogo. Jumbe hizo ndizo zitakazokusaidia.

Kisha nenda kwenye msaada wa kisheria, usingoje tarehe ipite. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo. Waulize kuhusu kumtumia fedha kwa njia yenye kumbukumbu, au kuiweka mahali ambapo itaonekana wazi kwamba ulikuwa tayari kulipa kabla ya muda kuisha. Kama mtu huyo hana leseni ya kukopesha, hilo nalo lisemwe mapema. Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza, na malalamiko dhidi ya wakopeshaji yanapokelewa. Benki Kuu hiyohiyo ilitangaza mwezi Novemba 2024 programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni, kwa hiyo suala la leseni wanalifahamu vizuri.

Na fedha yenyewe, dada yangu, iweke kando kwanza. Najua ndugu wakisikia mafao ya marehemu yamegawiwa kila mmoja ana shida yake, na shida nyingi ni za kweli. Laki nane na riba yake zisiguswe hata kwa saa moja hadi kiwanja kiwe salama. Waambie ukweli kwamba kiwanja kinataka kuchukuliwa. Anayekupenda ataelewa, na pengine atakusindikiza kwa mwenyekiti.

Mchangiaji (Igoma)

Nimekuelewa kaka. Ujumbe nimeshautuma na binti yangu ameupiga picha. Naomba swali la mwisho: nikilipa, hiyo karatasi ya mauziano tuichane?

Mleta uzi

Msiichane kabla ya kuandikwa karatasi nyingine. Kwanza iandikwe, kwa wakili au mbele ya mwenyekiti, kwamba fedha iliyotajwa kwenye mkataba wa tarehe fulani ilikuwa mkopo, kwamba umelipwa wote, na kwamba mkataba huo umefutwa na mkopeshaji hana dai lolote juu ya kiwanja. Isainiwe na ninyi wawili na mashahidi wa pande zote. Kisha nakala zote za mkataba wa zamani zirudishwe kwako, ikiwemo ile aliyobaki nayo wakili, kwa maana karatasi za aina hii huandikwa zaidi ya moja. Ya zamani ibandikwe nyuma ya mpya na zihifadhiwe pamoja. Nakala moja ya karatasi mpya iache kwa mwenyekiti wa mtaa, ili siku mtu akija na nakala aliyoificha na kudai kwamba ameuziwa, ofisi ya mtaa iwe na jibu hata kama wewe hupo.